Msiende Mchangani Mwezi Ukiwa Mkubwa

Neno linaloniudhi kuliko yote katika kazi yetu ni "patupu". Nimelisoma kwenye ripoti mpaka macho yakachoka. Kiwanja ni patupu, ufuko ni patupu, nyuma ya soko ni patupu. Vijana wangu, mimi nimezaliwa Uvira, nimekulia mtaa wa Kilibula, nimestaafu kutoka ofisi ya urbanisme, ya mipango ya ardhi, ya mji huu huu, na sijawahi kuona mahali patupu. Mji umebanwa kati ya mlima na ziwa, hata mbuzi wanagombania kivuli. Huko patupu patatoka wapi? Mtu akiniletea neno hilo najua jambo moja tu: alifika saa ambayo wenyewe hawapo.

Najua mnanicheka. Mnasema Mama Riziki ametoka kazini lakini kazi haijamtoka. Chekeni. Lakini nyinyi mlioingia juzi ndio mnaoshika sasa maombi ya watu wanaotaka kubadilisha matumizi ya ardhi. Huyu ana nyumba ya kuishi, anataka iwe depo. Yule ana shamba, anataka viwanja. Mwingine ameona mahali pa watu wote, anataka pawe pake na ndoa zifungwe humo kwa malipo. Karatasi zinafika mezani zimepangwa vizuri, zina mihuri, na ukizisoma unaona kila kitu kinafaa. Bila shaka kinafaa, kaandika anayetaka! Kazi yenu ni kwenda kuona na kuuliza, na hapo ndipo mnaponichosha.

Mkubwa wangu wa kwanza, mzee Kashindi, alikuwa na amri moja aliyoirudia mpaka tukawa tunaisema naye kwa pamoja: usiende kwa majirani na mwombaji. Tuliona ni ubishi wa kizee. Kisha likaja ombi la mtu mmoja wa Kilibula, dikoni wa kanisa, aliyetaka nyumba yake ya kuishi iwe nyumba ya mashine ya kusaga unga. Sheria inataka majirani waulizwe kama jambo hilo litawasumbua. Mwenzetu mmoja, mtu mwepesi wa miguu na wa kila kitu, alikwenda na dikoni mwenyewe. Wakapita mlango kwa mlango, dikoni mbele akisalimia, mwenzetu nyuma na kalamu. Kila mlango jibu likawa moja: hakuna shida, papa, hakuna shida kabisa.

Sasa wewe mwenye akili zako, ulitarajia waseme nini? Mwenye jambo amesimama mlangoni pako. Mwezi uliopita alichimba kaburi la shangazi yako. Jumapili atakupitishia kikapu cha sadaka. Halafu mtu wa serikali anakuuliza mbele yake kama anakusumbua! Ombi likapita, mashine ikawashwa, na haukupita muda wale wale wa "hakuna shida" wakaanza kuja ofisini mmoja mmoja, kila mtu akichungulia kwanza kama jirani yake hayumo ndani. Unga ulikuwa unatua kwenye nguo zilizoanikwa. Watoto wachanga hawalali mchana. Wa mwisho kuja alikuwa mchungaji wa kanisa la dikoni. Kwaya yake haikuweza tena kufanya mazoezi. Akina mama wa sauti ya kwanza walikuwa wameanza kuimba kwa kufuata mashine.

"Lakini pasta," mzee Kashindi akamwambia, "si weye ulisema hakuna shida?"

"Papa, na weye ungesema nini? Dikoni alikuwa pale, iko anaangalia kinywa yangu."

Tangu siku hiyo Kashindi akanichukua mwenyewe kunifundisha. Alinifundisha kwenda peke yangu, bila mwombaji na bila gari lake. Nikifika, niombe maji ya kunywa, nikae. Nisiulize kama kuna shida, kwa sababu mtu wa kwetu hawezi kumwambia mgeni aliyeshika bilauri yake kwamba kuna shida. Niulize jana hapa mlifanya nini. Na juzi? Na mvua ikinyesha maji yanapita wapi? Na msiba ukitokea, hema mnalisimamisha upande gani? Mtu akianza kukueleza hema la msiba, amekueleza mtaa mzima. Nimejua njia nyingi za mji huu kwa swali hilo la hema kuliko kwa ramani yoyote.

Kitu kingine, na hapa mtasema mama ameanza kulilia ya zamani. Sisi tulipima kwa mnyororo. Ulikuwa mzito, ulichafua, ulilia kwenye mawe, na kila ulipopita watu walitoka nje. "Munapima nini? Juu ya nini munapima? Hapa ni kwa baba yangu!" Tukatukanwa sana. Lakini nawaambia, nusu ya niliyoyajua niliyajua kwa kutukanwa. Mtu akikugombeza anakuonyesha mpaka wake, na wa jirani yake, na aliyekufa akiwa anaudai. Leo mnafika na simu, mnaigusa kwa kidole, inawapa kila kitu, mnaondoka na hakuna mlango uliofunguliwa. Mnafurahi kwamba kazi imekwenda kimya. Kimya! Umeingia katika ardhi ya watu, hakuna aliyegombana na wewe, na unaona umefanya kazi?

Basi, nifike kwenye jambo lenyewe, maana ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Upande wa mtaa wa Nyamianda, chini kabisa, kuna kipande cha mchanga. Zamani ufuko ulikuwa mpana, lakini ziwa limepanda miaka hii, limekula mchanga na limeingia mpaka vyumbani mwa watu. Kipande hicho ndicho kilichobaki. Hapo akina mama wanaanika ndagala, hao dagaa wa ziwa letu. Mnajua jinsi ndagala wanavyovuliwa: wavuvi wanatoka na taa, samaki wanafuata mwanga, nyavu zinanyanyuliwa. Kwa hiyo kazi ni wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima lina mwanga, taa hazina maana, ndagala hawakusanyiki, na wavuvi wanabaki nyumbani kushona nyavu. Hakuna ndagala, hakuna wa kuanika. Akina mama wanapanda magari kwenda Luberizi, wengine kununua mpunga, wengine kupalilia mashamba ya watu, na mchanga unabaki na mbuzi wawili watatu. Giza likirudi, wanarudi. Mtoto wa Uvira anajua hivyo kabla hajajua kusoma.

Bwana Deo naye ni mtoto wa Uvira. Huyu ni mfanyabiashara aliyeleta ombi kwamba mchanga ule utolewe katika mahali pa matumizi ya wote, uwe mahali pa biashara, ajenge hoteli yenye ukumbi wa harusi. Alikuja ofisini kwa adabu zote, akatoa gari lake litupeleke, na siku akaichagua yeye. Mnadhani alichagua siku gani?

Tulikwenda. Kashindi alikuwa amekwisha kustaafu, na mkubwa wetu wakati huo alikuwa mtu wa milimani, muungwana, ila ziwa alikuwa analiona kwa dirisha. Alishuka garini, akatazama mchanga mweupe umelala umetulia, akatazama mbuzi, akapumua.

"Patupu," akasema.

"Shefu, hizi ni siku za mwezi," nikamwambia.

"Mama Riziki, udongo haina mwezi."

"Ndagala iko nayo. Nusa tu, shefu. Nusa hapa chini."

"Uvira yote inanuka ndagala," akasema, na Bwana Deo akacheka mpaka akashika mlango wa gari.

Viatu vyangu vilikuwa vimejaa magamba. Niliinua mguu nikamwonyesha. Akasema nivioshe. Nikakataa kutia sahihi kwenye ripoti mpaka turudi wakati wa giza, na nikakataa kesho yake, na wiki iliyofuata. Basi mkubwa akafanya kile wakubwa wanachofanya wakitaka amani: aliliweka faili chini ya mafaili mengine. Hakukubali, hakukataa. Mimi nikaona nafuu kidogo, akina mama wakaendelea kuanika, na Bwana Deo akaendelea kusubiri, kwa sababu yeye ana subira ya mtu ambaye chakula chake hakiko kwenye mchanga. Vijana, ombi baya likataeni kwa wino. Mkilifunika tu, litafunuliwa siku mtakapokuwa nyumbani mnachambua maharage.

Na ndivyo ilivyokuwa. Nikastaafu. Bwana Deo akaleta ombi upya, na sasa mezani alikaa Héritier.

Sina ugomvi na Héritier. Ni kijana safi, anasalimia kwa mikono miwili, hali rushwa. Kwa kweli angekuwa mla rushwa ningelala vizuri zaidi, maana mla rushwa unajua anakosea kwa sababu gani. Huyu anakosea akiwa amefuata kila hatua.

Habari ziliwafikia akina mama kabla hazijanifikia mimi. Anayewaongoza pale mchangani ni Mama Furaha. Nyumba yake ziwa liliichukua, ukuta mmoja baada ya mwingine, na sasa anapanga chumba Kilibula na watoto wake. Hana shamba, hana meza sokoni. Ana mchanga ule. Ndagala mbichi hawangoji, jua la Uvira likishapanda wameharibika. Asiyekuwa na mahali pa kuanika anawauza asubuhi ile ile kwa yeyote, kwa chochote atakachopewa. Mchanga ukienda, Mama Furaha hatakuwa tena mfanyabiashara, atakuwa mtu wa kubeba ndoo za wengine. Hilo alilijua vizuri kuliko mimi.

Basi wakakaa, wakafikiri. Walikuwa wamesikia kwamba watu wa ofisi wanakuja mwezi ukiwa mkubwa na wanasema hakuna mtu. Wakaamua safari hii watu wawepo. Hawakwenda Luberizi. Wakaacha mpunga, wakaacha vibarua vya kupalilia, wakakaa mchangani kulinda mchanga. Lakini mtu hawezi kukaa tu mbele ya serikali bila kitu mkononi, ataonekana mzururaji. Kwa hiyo wakatoa mihogo majumbani mwao, wakaimenya, wakaitandaza pale pale wanapoanika ndagala.

Nacheka nikiandika, lakini ni kicheko cha hasira. Mihogo ile ikashika harufu. Ugali ukapikwa Kilibula na Nyamianda unanuka samaki, na watoto wakasusa, kwa sababu wanaonja ndagala na ndagala hawawaoni sahanini. Mama Furaha aliniambia mume wa mwenzake mmoja alikuwa akifunua sufuria tupu ya mboga akitafuta wamefichwa wapi. Wakavumilia. Walikuwa wanasema, wacha tule hivyo, lakini watuone.

Na Héritier akaja, akawaona. Alisimama juu barabarani, akapiga picha, akagusa simu yake kwa kidole, akaenda kuandika. Aliandika kwamba ufuko si patupu, kina mama wapo. Nampongeza! Kisha akaandika kwamba wanaanika mihogo, na kwamba mihogo ni kazi inayoweza kufanyika popote, hata juu ya bati la nyumba, kwa hiyo ombi halimsumbui mtu.

Nani wa kulaumiwa hapo? Niambieni, maana mimi nimechoka kutafuta. Kijana ameona alichoona. Mhogo kweli unaanikwa popote. Mama Furaha alikuja kwangu siku aliyosikia, hata karibu hakungoja.

"Mama Riziki, ile biro yenu ya urbanisme inataka nini? Tukikosekana, banasema hakuna muntu. Tukikuwa, banasema tuende kukaa juu ya bati. Minye nawaza hivi: muniambie tu kitu yenye banaogopa, tutaanika ile."

"Mulipaswa kuniuliza," nikamwambia.

"Weye si ulitoka?"

Nilivaa viatu, nikaenda ofisini.

Héritier alinipa kiti chake mwenyewe. Alinisikiliza. Kisha akanionyesha kwenye simu picha iliyopigwa kutoka angani, mchanga mweupe, safi, hauna hata nukta.

"Mama, hii picha haina upande," akasema. "Haijui Bwana Deo, haijui Mama Furaha."

"Ilipigwa wakati wa giza ao wakati wa mwezi?"

Akaitazama, akaipanua kwa vidole, akaipunguza. "Mama, ilipigwa muchana."

"Mwanangu, minye sikuulizi saa. Nakuuliza mwezi."

Nikamweleza habari ya taa na ndagala, jambo ambalo sikuwahi kufikiri nitamweleza mtu mzima katika mji huu. Alikuwa amekulia Bukavu kwa mjomba wake, kumbe. Ndagala anawajua kwenye mfuko. Nikamweleza na habari ya mihogo. Hapo aliweka simu mezani. Nilimwona uso unambadilika, na nawaambia kwa haki kabisa kwamba kijana yule aliona aibu, na wengi wenu msingeiona.

"Lakini ripoti iko tayari, mama. Inapanda kwa wakubwa wiki ijayo."

"Giza iko inaingia wiki hii."

"Nitalazimika kupima tena toka kwa maji mpaka kwa barabara. Bila kipimo hawatapokea mabadiliko."

"Njoo upime basi. Bila gari ya mutu."

Niliwatuma watoto wa jirani kwa Mama Furaha na ujumbe mmoja tu: mihogo itoke, wasibadilishe kitu kingine, wasipange, wasifagie, wasivae vitenge vya sherehe. Kwa maana nilijua, wakisikia serikali inakuja watapanga mistari mizuri na kuacha njia katikati kama ukumbi wa kanisa, tuharibikiwe mara ya tatu.

Héritier alikuja kwa miguu asubuhi, jua lilipokuwa limeanza kuuma. Mitumbwi ilikuwa imekwisha kushusha. Kuanzia mwisho wa majani mpaka pale maji yanapolamba, ndagala walikuwa wametandazwa wakimetameta, na kati yao akina mama wameinama na fagio za vijiti, wakiwageuza, wakigombana, wakiimba vipande vya nyimbo, wakifukuza kunguru. Kila mmoja alikuwa amesimama kwenye nafasi ya nyayo zake tu. Mimi mwenyewe, mtoto wa hapa, nilikuwa na miaka sijaona ufuko umejaa hivyo, kwa sababu sehemu nyingine zote ziwa limezila na watu wote wamesogea hapo.

Kijana alitoa simu yake. Akatafuta pa kuweka mguu, akaurudisha. Akajaribu upande mwingine, bibi mmoja akapiga ukelele, akaurudisha tena. Mama Furaha alikuwa karibu, akanyoosha mgongo, akamtazama.

"Unataka nini, papa?"

"Mama, minye nataka kufika pale kwa maji. Nipime."

"Pita."

"Nipite wapi?"

Mama Furaha akageuka. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama mpaka kule kwenye mitumbwi, taratibu, kama mtu anayemsaidia mgeni kwa moyo wote.

"Minye pia siione fasi ya kupita," akasema. "Andika ile."